Mkanda wa Vifuko Tisa

Dirma, Hanang
9 Februari 2003

Mjukuu wangu Felician, mume wangu mtoro,

Miaka minne! Mbuzi niliyekuwekea siku ulipoondoka ameshazaa, watoto wake wameshazaa, na wewe bado unaniandikia "mwakani, Bibi". Huyo mwakani ana miguu mingapi, mbona hafiki? Mtu akienda Basotu kununua samaki akachelewa siku mbili, tunatuma watu wamfuate. Wewe umekwenda kwa Wakanada miaka minne. Nimtume nani, fisi?

Haya. Sisi wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Serikali imetuhamisha bila kutuhamisha, tulilala Arusha tukaamka Manyara, kwa hiyo kwenye bahasha usiandike Arusha tena. Anayeandika barua hii ni Mwalimu Justina, kwao Songea, anafundisha darasa la pili hapa. Nampa maziwa, ananipa mkono wake. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengeneze.

Sasa lile jambo. Barua yako ya Krismasi mwalimu alinisomea tukichambua maharage. Unasema kila Jumamosi unanunua benki sarafu zilizofungwa kwenye karatasi kama biskuti za duara, unazimwaga mezani, unazitazama moja moja, unatafuta za zamani, kwa sababu za zamani zina madini ya fedha na za sasa ni chuma tu. Nikacheka. Nikasema, nimempeleka mtoto akasomee injini, kumbe anachambua sarafu kama mimi na maharage. Kisha ungo ukaniponyoka.

Za zamani ndizo nzuri?

Wewe unaujua mkanda wangu wa ngozi, lakini mwalimu haujui, na ndiye mwenye kalamu, ngoja nimweleze. Nilipokuwa nafua nguo kwa Wakanada wa mashamba ya ngano, mtoto wao Eva aliugua surua. Nilimbeba mgongoni siku tisa, nikila nimesimama. Alipopona, baba yake akanipa sarafu tisa kubwa, nzito, zimechorwa watu wawili ndani ya mtumbwi. Moja kwa kila siku. Nikashona mkanda wa ngozi ya ndama wenye vifuko tisa, nikauvaa ndani ya nguo miaka kumi na mbili. Ulikuwa unanipiga kiunoni nikitembea, najua kwamba mimi ni mtu.

Mwaka uliomaliza darasa la saba akaja shemeji yangu Vitalis, mdogo wa marehemu babu yako, aliyekuwa mtunza stoo huko huko kwenye ngano. "Shemeji, hizo sarafu zako ni za mwaka gani? Pesa ya zamani imefutwa." Hilo nililijua. Babu yako aliacha noti kwenye kibuyu, nilipozipeleka dukani wakanicheka, zilikuwa zimeshabadilishwa. Pesa ikizeeka inakufa, hivyo ndivyo tulivyofundishwa hapa. Mimi sikusoma. Nikakupa wewe, ukasoma miaka kwa sauti, yote ya zamani. Vitalis akatikisa kichwa kama yuko msibani. "Bati hizi, shemeji, labda mfua vyuma atazitaka." Nikakuuliza wewe kama ni kweli, ukasema ndiyo. Akanipa kilo tano za sukari, akaondoka nazo kwenye kofia.

Mvua iliyofuata akaleta mashine ya kusaga. Inalia hata sasa ninapoongea, mwalimu anaisikia. Miaka kumi na moja inanililia sikioni na sikujua inasema nini.

Kwa hiyo alitudanganya wawili, mjane na mtoto. Nijibu, usinizungushe. Zile tisa zilikuwa fedha au bati? Nikijua, najua la kufanya. Nimebakiwa na meno manne, lakini yanakutana.

Kula vizuri. Usiache koti.

Bibi yako,
Ludovika


Saskatoon, Kanada
30 Machi 2003

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa goti la kushoto. Mwalimu Justina, habari za kazi, ahsante kwa mkono wako.

Mimi mzima. Huku theluji bado ipo, imekuwa nyeusi kama majivu ya jikoni. Masomo yaliisha mwaka juzi, kama nilivyokuandikia, sasa natengeneza matrekta kwenye karakana. Nchi hii ni tambarare ya ngano tupu, ukisimama pembeni ya shamba utadhani uko Basotu, mpaka ugeuke utafute mlima Hanang na usiuone.

Umeuliza kuhusu sarafu. Ninavyofanya ni hivi. Naingia benki, nanunua mabunda kumi ya senti kumi kumi. Kila bunda lina hamsini. Nayafungua nyumbani mezani. Kwanza natazama ukingo, maana sarafu ya fedha ukingo wake ni mweupe mtupu, umepoa. Halafu sumaku. Za sasa hurukia sumaku kama kupe kwenye ng'ombe, ya fedha hukaa kimya. Halafu naidondosha juu ya meza. Ya chuma hugonga tu, ya fedha huimba. Mwisho nasoma mwaka. Ikiwa ni kabla ya sitini na saba, naiweka pembeni. Katika mabunda kumi napata mbili au tatu, siku nyingine sipati kitu. Zilizobaki nazifunga tena, nazirudisha benki nyingine. Mama wa dirishani ameshanizoea, ananiita mchunga sarafu.

Kuhusu zile tisa, zilikuwa fedha, Bibi. Sehemu nane kati ya kumi.

Lakini naomba tuliache. Babu Vitalis ni mzee sasa, na mashine inawasagia watu wote. Ukilipeleka jambo hili mbele litaleta maneno katika ukoo. Mimi nitakutafutia nyingine. Nimefunga tatu ndogo ndani ya karatasi hii, zenye picha ya jahazi. Ni mwanzo tu.

Wasalimie wote.

Mjukuu wako,
Felician


Dirma
25 Mei 2003

Mume wangu,

Marahaba. Goti limeitikia pia. Mvua ilikuwa nzuri, ngwara, maharage yetu ya kutambaa, zimepanda mpaka kwenye boma. Yule ndama jike nimemwita Saskatuni, mwalimu alicheka mpaka akaharibu karatasi ya kwanza.

Zile tatu zilifika. Nilimwambia jirani anitolee sumaku kwenye spika ya redio mbovu. Nikajaribu. Kimya. Nikajaribu shilingi yetu ya siku hizi, ikaruka. Nikazidondosha juu ya jiwe la kusagia na kweli zinaimba, sauti ndogo kama ya ndege wa mtamani. Felician, nilikuwa nimeisahau sauti ile. Nilikaa chini.

Halafu nikasimama, nikabeba debe la mahindi, nikaenda kwa Vitalis. Alikuwa mlangoni kwa mashine, kope nyeupe kwa unga.

"Karibu shemeji, leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja kusaga. Zima kwanza, nina swali."

"Nikizima dizeli inapotea."

"Na ikilia mimi ninapotea. Zima."

Akazima. Wanawake kwenye foleni wakatugeukia. Nikamwuliza, "Zile bati zangu ulizipeleka kwa mfua vyuma gani?"

"Bati zipi?"

"Zenye mtumbwi."

Akapangusa uso, unga ukaongezeka. "Ah, shemeji! Mambo ya kale hayo. Yule mfua vyuma alishakufa."

"Alikufa kwa nini?"

"Homa."

"Basi ndiye mfua vyuma wa kwanza kufa kabla ya kuzaliwa," nikamwambia. Wanawake wakacheka, mmoja akakaa chini. Nikaondoka na debe langu, nikasaga kwa jiwe. Mgongo unaniuma mpaka leo, lakini ugali ulikuwa mtamu.

Sasa wewe. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya sumaku na mstari mmoja juu ya mwizi. Kwa nini? Unasema ni mzee. Mimi ni nini, kifaranga?

Nakumbuka jambo. Kwenye nane, upande wa pili kulikuwa na kichwa cha mwanamke. Kwenye moja kulikuwa na kichwa cha mwanaume. Vitalis aliinyakua hiyo kwanza. Wewe ndiye uliyeisoma. Ilikuwa mwaka gani? Niandikie hilo tu.

Na jua kwamba najifunza namba. Mwalimu ananichorea kwa mkaa kwenye ubao wa kukatia nyama. Moja ni fimbo, nimeishika. Tisa ni mtu aliyebeba mzigo kichwani. Hakuna atakayenisomea mwaka tena katika maisha haya.

Mimi ni mtoto wa Kibarabaigi hata kama niliolewa na Mwiraqw, na wanawake wa kwetu tuna baraza letu. Mwanaume akimdhulumu mwanamke, anaitwa na wanawake na anahukumiwa na wanawake. Nimeshazungumza na wakubwa wao. Wanangoja mavuno yaishe.

Ludovika


Saskatoon
17 Agosti 2003

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, ni wakati wa kuvuna na matrekta yanaharibika yote kwa pamoja. Nimefurahi kusikia habari za ndama.

Ule mwaka sikumbuki. Ni siku nyingi, na nilikuwa mtoto.

Nina habari njema. Sarafu kubwa za mtumbwi hazipatikani tena kwenye mabunda, maana dola yao ya sasa ni ya njano, ina ndege majini. Lakini mzee akifariki, watoto wake huleta benki makopo ya sarafu alizoficha. Mama wa dirishani hunitunzia anazozikuta, nami nazinunua kwa dola moja moja. Ninazo tano sasa, za mtumbwi, za kichwa cha mwanamke. Nitazipata zote. Nitakurudishia mkanda wote, Bibi, naapa.

Kwa hiyo sioni sababu ya baraza. Nakuomba sana, usiite baraza. Nakuomba kwa jina la marehemu Babu.

Nilitaka kuja Desemba, lakini sina hakika.

Felician


Dirma
2 Novemba 2003

Felician,

Mvua bado. Wazima tupo.

Baraza lilikaa. Ningekuandikia siku ileile lakini mdomo wangu ulikataa wiki tatu. Mwalimu alikuwa anakuja jioni na kalamu, anakunywa maziwa, anaondoka na karatasi nyeupe.

Tulikaa kwenye nyasi ng'ambo ya korongo, wanawake arobaini na wawili, kila mmoja na fimbo yake. Vitalis akaitwa. Alikuja na koti la kanisani, akasimama mbali kama inavyotakiwa. Nikasema yangu. Nikaweka mkanda chini, vifuko tisa vimelegea kama matiti ya mbwa mzee. Nikagonga zile tatu zako juu ya jiwe, wasikie. Nikasema, "Huyu aliniambia hizi ni bati."

Akaulizwa, "Ulisema?"

"Nilisema," akajibu. "Sikatai. Lakini Ludovika hakuniamini. Alisema mbele yangu, wewe Vitalis ulizaliwa na uongo kinywani badala ya ulimi, ngoja nimuulize mwenye shule. Akamuuliza mjukuu wake. Na mjukuu wake alijua. Nilimwambia siku moja kabla kwamba moja ya sarafu hizo inanunua mashine. Sasa mpelekeeni barua huko Ulaya aliko, mumuulize viatu vyake vyeusi vya sekondari alivipata wapi."

Wanawake wote wakanigeukia mimi. Miguu yangu ilikuwa pale, mimi sikuwapo.

Viatu vyeusi vya ngozi, vya dukani, si mitumba. Uliniambia ni msaada wa parokia. Nilimpelekea padri kuku wa kumshukuru. Padri akashangaa, akapokea kuku, akanishukuru kwa kumshukuru. Nilidhani ni unyenyekevu.

Wakamtoza Vitalis dume jeusi la ng'ombe. Alilitoa siku ya tatu, maana alijua asipolitoa hakuna mwanamke wa Dirma atakayempa hata maji ya kunawa. Wanawake walilichinja wenyewe, wakala. Mimi sikula. Mkubwa wao akaniuliza, "Na huyu wa ng'ambo je?" Nikamwambia, "Huyo ni wangu. Mwacheni."

Usidhani nimesema mwacheni kwa huruma.

Sasa niambie wewe. Usinieleze sumaku. Usiniapie kwa jina la babu yako, hakuwa na viatu. Niambie ulisikia nini, uliona nini, na ile ya kichwa cha mwanaume ilikuwa mwaka gani.

Mwalimu Justina analia anapoandika. Nimemwambia asiloweshe karatasi, stempu ni ghali.

Ludovika


Saskatoon
8 Februari 2004

Bibi,

Shikamoo, kama bado unaipokea. Mwalimu, samahani kwa utakayoyasoma kwa sauti. Tafadhali usiruke kitu.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni kwenye ovaroli miezi miwili. Imepata grisi.

Nilijua. Fomu ya shule ilisema viatu vyeusi vya ngozi, na asiye navyo asije. Wewe ulikuwa umeshauza mbuzi watatu kwa ajili ya ada, nilikuona ukiwahesabu zizini mara mbili mbili waliobaki. Babu Vitalis aliniita stoo. Viatu vilikuwa juu ya gunia, ndani ya boksi lake, na ile karatasi laini. Akaniambia, "Wazungu wanaziulizia sarafu za bibi yako. Moja ikiwa ni ya arobaini na nane, inanunua mashine. Kesho atakuuliza swali moja. Wewe jibu neno moja."

Kesho yake ukaniweka sarafu kiganjani. Ile ya kichwa cha mwanaume ilikuwa ya tatu. 1948. Niliisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Nimejaribu miaka yote kukumbuka kwamba ilitetemeka. Ukaniuliza, "Ni kweli, mume wangu, zimefutwa?" Nikajibu neno moja.

Viatu vilinibana, Bibi. Vilikuwa vidogo namba moja nzima. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilivivaa kidato cha kwanza na cha pili mpaka ukucha wa gumba ukatoka, na nikasema nimejigonga. Nilifaulu na viatu hivyo. Nilimfikia padri aliyenitafutia nafasi ya Kanada na viatu hivyo. Kila kitu nilichonacho kimetembea juu yake. Ndiyo maana sikuja. Tiketi nilikuwa na pesa yake tangu mwaka juzi.

Sikuanza kufungua mabunda kwa ajili ya mchezo. Nilianza siku niliyokuta kwenye chenji sarafu moja ambayo haikuruka kwenye sumaku ya karakana.

Sasa ninazo nane, zote za mtumbwi na kichwa cha mwanamke. Ziko ndani ya soksi. Inakosekana ya tisa. Mwaka ule walitengeneza chache sana. Kuna duka hapa wanaiuza dola mia tisa. Nikiweka akiba bila kugusa pesa ya tiketi, nitaipata baada ya miaka miwili. Nipe miaka hiyo miwili. Siwezi kukutazama nikiwa na nane.

Sistahili kujiita mjukuu wako, lakini sina jina lingine.

Felician


20 6 2004
Dirma

Felician,

Tarehe hiyo ya juu nimeiandika mwenyewe. Mwalimu anasema sita yangu inaonekana kama konokono aliyelala. Konokono au si konokono, umeisoma.

Barua yako ilisomwa yote, mwalimu hakuruka kitu. Alipofika kwenye ukucha, nilitoka nje. Nikakuchukia nikiwa nimesimama kwenye mahindi, nikakuchukia vizuri, kwa moyo wote, kama mtu anavyofua blanketi. Nilikuchukia kwa ajili ya sarafu kidogo, na kwa ajili ya yule kuku wa padri zaidi. Halafu nikakuchukia kwa ajili ya ukucha. Miaka miwili unachechemea mbele yangu na kusema umejigonga! Ungeniambia vinakubana ningevitia maji na mchanga, vingetanuka. Hata ungekuwa umeviiba kwa Yesu ningevitanua kwanza, kisha ningekuchapa.

Sasa nikupe habari za Vitalis, maana barua lazima iwe na habari.

Kulipa dume alilipa, akadhani yameisha. Kwa wanaume yangekuwa yameisha. Lakini mashine, Felician, haili mahindi ya wanaume. Mahindi yako kichwani kwa mwanamke. Tangu baraza, hakuna mwanamke wa huku aliyepeleka hata kisonzo kimoja cha mahindi. Tunabeba madebe yetu tunakwenda mashine ya mbali, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, tunapita mbele ya mlango wake tukiimba nyimbo za kanisa. Hakuna aliyetuamuru. Mwezi wa kwanza alipunguza bei. Mwezi wa pili alisaga bure, akakosa mtu. Mwezi wa tatu akawa anaiwasha asubuhi bila kitu ndani, ilie tu, tuisikie. Ikawa inalia tupu mpaka dizeli ikaisha, na kimya kilichofuata nilikinywa kama uji.

Wiki iliyopita alikuja mtu wa Katesh na lori akainunua. Nilitoa kigoda changu barabarani, nikachukua na mhindi wa kuchoma. Walipoifunga kamba, Vitalis akanitazama.

"Umefurahi, shemeji?"

"Bado natafuna," nikamwambia.

Lori likapita. Nikatafuna mpaka vumbi likatulia. Mwalimu anataka niseme kwamba moyoni niliona huruma. Nimekataa. Nitaona huruma nikipata nafasi.

Huyo nimemaliza naye. Umebaki wewe.

Usinunue ile ya arobaini na nane. Umesikia? Ukija nayo nitaitupa Basotu, wavuvi waipate kwenye nyavu. Unataka kununua kimya changu kwa dola mia tisa, uingie hapa na mkanda uliojaa, tuseme hakuna kilichotokea. Kimetokea. Kifuko kile nataka kibaki wazi. Na miaka miwili siikupi, si yangu kuitoa. Nimebakiwa na meno matatu sasa, lile lingine lilibaki kwenye mhindi.

Pesa ya tiketi unayo, umesema mwenyewe. Utakuja Desemba hii, shule zikifungwa, kabla mwalimu hajaenda Songea, maana nataka awepo. Shika haya.

Shuka kwenye basi njia panda, usije na gari mpaka mlangoni. Vua viatu hapo, vyovyote ulivyovaa, vifunge kamba pamoja, viweke shingoni. Tembea pekupeku mpaka nyumbani. Utapita palipokuwa na mashine, pamebaki sakafu na madoa ya mafuta, usiharakishe. Uani utakuta wanawake wamekaa, wale arobaini na wawili. Usiniamkie. Piga magoti, toa sarafu zako kwenye soksi moja moja, uniwekee kiganjani, nami nitasoma mwaka mwenyewe kwa sauti. Nikichelewa, usinisaidie. Nikimaliza ya nane nitakupa mkanda. Utaingiza kidole kwenye kifuko cha tisa, utawaambia wanawake kilichokuwamo na kilikokwenda, na safari hii siyo kwa neno moja. Ukishamaliza, hapo hapo magotini, useme shikamoo. Marahaba nitakuwa nayo mdomoni, na maji ya moto ya kukuosha miguu yatakuwa jikoni, lakini kabla ya hapo hakuna kitakachotoka, mume wangu.